Sauti ya Mama Sindano

Galkayo, 10 Januari 2017

Mdogo wangu Sagal,

Amani ya Mungu iwe juu yako, juu ya Guled mumeo, na juu ya Liban wangu ambaye sijamtia machoni. Sisi tu wazima. Mvua imetusahau, wafugaji wanaingia mjini wakiwa na ngozi za ngamia badala ya ngamia wenyewe, na maziwa ya chai siku hizi ni ya kopo. Ubah, binti yangu, tumbo ni kubwa na anategemea kujifungua mwezi ujao. Ilwad wake ana miaka miwili na nusu na mdomo haufungiki. Jana alimwambia imamu, "Babu, ndevu zako zimeungua?" kwa sababu ya ile hina aliyozipaka. Nilitamani ardhi inimeze.

Nakuandikia kwa mkono kwa kuwa umekataa kunitumia sauti. Unasema simu yako imeharibika mahali pa kusemea. Simu gani hiyo ya Amerika inayougua mwaka mzima bila kupelekwa kwa fundi? Na ukiniandikia kwenye simu, macho yangu hayawezi zile herufi za sisimizi, Ubah ndiye hunisomea, basi siri hakuna. Barua hii anakuja nayo Dahir, binamu yake Guled. Nijibu kwa mkono wa yeyote anayesafiri.

Sasa la maana. Kwa Shukri anayetupaka hina kuna sauti inayozunguka kwenye simu za wanawake. Ni mwanamke wa kwetu aliyeko huko kwenu. Anasema mtoto wake alikuwa akizungumza vizuri, wakamdunga sindano ya surua, na tangu siku ile hajamwita mama. Analia, na kila anayemsikia analia. Hawamjui jina, wamempa la utani: Mama Sindano. Wachanjaji wanatangaza kwamba watapita nyumba kwa nyumba mwezi wa tatu, na Ilwad hakupata sindano hiyo alipokuwa mchanga kwa sababu tulikuwa malishoni.

Wewe uko huko huko. Unamjua mwanamke huyo? Anayosema ni kweli? Nijibu ndiyo au hapana, nami nitafuata neno lako.

Dada yako,
Hibaq

*

Minneapolis, 18 Februari 2017

Dada yangu Hibaq,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe uliyenilea mama alipokuwa kitandani. Nimefurahi kuona mwandiko wako, bado unalala upande mmoja kama mtu aliyechoka. Ubah akijifungua nipe habari mapema. Huyo Ilwad mtunzeni, mdomo wake ni wa mama yetu mtupu.

Huku theluji haijaamua kuondoka. Bado niko kwenye nyumba ya wazee; nawaogesha, nawalisha, na wengine huniita kwa majina ya binti zao, nami naitika. Guled anaendesha lori la masafa marefu, wiki moja yuko na wiki mbili hayuko. Liban anakua. Anapenda kupanga vifuniko vya chupa mstari mmoja, kutoka mlangoni hadi dirishani, kwa rangi zake, na ukimvurugia anajua. Ni mpole. Ana haya sana, haongei na wageni.

Kuhusu mwanamke uliyemtaja, watu huku husema mengi. Simjui vizuri. Kila mama anajua yaliyomkuta, na mimi si daktari. Fanyeni mnavyoona ni sawa.

Nimempa mbeba barua manukato, usikubali akuambie yalimwagika njiani.

Mdogo wako,
Sagal

*

Galkayo, 20 Aprili 2017

Sagal,

Salamu. Manukato yalifika nusu chupa, na mbeba barua alinukia vizuri. Ubah alijifungua mvulana mwishoni mwa Februari, tumemwita Sahal. Alikwenda kukaa arobaini yake kwa mama mkwe, na Ilwad akabaki kwangu.

Wachanjaji walipita mtaani katikati ya Machi. Walikuwa wasichana wawili na boksi la barafu, wakapiga hodi. Barua yako ilikuwa imeshafika, niliisoma mara nyingi. Sikufungua mlango. Nilimweka Ilwad mapajani, nikamziba mdomo kwa tende ili asije akawaitikia.

Leo ni siku ya tisa ana homa. Macho mekundu, upele umeanzia nyuma ya masikio ukashuka mwili mzima, na sasa masikio yenyewe yanatoa usaha. Hospitali imejaa watoto wa wafugaji hadi kwenye varanda. Wanatulaza chini, chupa za dripu zimetundikwa kwenye misumari ya turubai. Ubah haruhusiwi kuja kwa sababu ya kichanga. Ananipigia simu, nami namwambia mtoto anaendelea vizuri.

Niombeeni. Sina la zaidi.

Hibaq

*

Minneapolis, 30 Mei 2017

Dada Hibaq mpenzi,

Ramadhani njema. Barua yako imenifikia wiki hii tu, mbeba barua alikwama Nairobi. Nimepiga simu yako mara nyingi, haipokelewi. Nimempigia Ubah, akaniambia "Ilwad yupo hai," kisha akakata. Mungu ampe nguo mpya ya afya. Hongera ya Sahal, ingawa nakuandikia hongera nikiwa nalia.

Dada, surua iko hata huku. Imeingia katika watoto wetu, wetu hasa, karibu wote ni Wasomali. Wamebandika matangazo kwa lugha yetu msikitini, madukani, hadi kwenye lifti za majengo yetu. Kazini mzee mmoja aliniuliza kama watu wetu hawapendi watoto wao. Hakuuliza kwa ubaya. Nilikuwa namkata kucha, nikaendelea kumkata.

Mtoto wa jirani yangu Fardosa yuko hospitalini anavutishwa hewa. Fardosa alikataa chanjo kwa sababu ya ile sauti, na ananiambia mimi, "Sagal, yule mama alikuwa na haki, lakini mbona Mungu ananifanyia hivi?" Nikampelekea supu. Nilishindwa kumtazama usoni.

Kisha wakaja wageni, wazungu kutoka majimbo mengine, wakafanya mkutano hotelini na mfasiri. Wakatuambia tusiogope surua, ni homa tu, la kuogopa ni sindano. Mkutanoni wakaicheza sauti ya Mama Sindano. Mwenyeji wao akatangaza kwamba wanamtafuta mama huyo shujaa asimame mbele ya watu. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi niliinama kufunga viatu vya Liban, na Liban hakuwa na viatu vya kamba.

Dada, kwa nini hukufungua mlango? Nilikuandikia kwamba simjui vizuri mwanamke yule. Nilikuandikia mfanye mnavyoona.

Sagal

*

Galkayo, 9 Julai 2017

Sagal binti Warsame,

Idi imepita. Hatukupika halua. Salamu zangu kwa Guled.

Ilwad amepona surua. Anakula, anakimbia, anawapiga kuku. Lakini hasikii. Nilidhani ni usaha, nikadhani ni ukaidi, nikadhani amenikasirikia. Daktari akagonga sahani nyuma ya kichwa chake, na mtoto akaendelea kucheza na kitufe cha gauni langu. Maneno aliyokuwa nayo yanamtoka moja moja. Alikuwa anasema sentensi, sasa ananyoosha kidole. Watoto wa mtaani wameshampa jina, unajua jina gani.

Unaniuliza kwa nini sikufungua mlango. Unathubutu kuniuliza.

Mdogo wangu, wanawake wote pale kwa Shukri walisikia mwanamke wa Amerika akilia. Mimi nilimsikia mdogo wangu. Mwishoni mwa sauti ile umesema, "Nawaambia kwa kikombe cha mama." Nani mwingine chini ya jua anaapa hivyo? Mama yetu aliapa kwa kile kikombe cha bati, mashehe wakamgombeza hadi wakachoka, na alipokufa tulibaki wawili tu wenye kiapo hicho. Nilijua siku ya kwanza. Nilikaa pale na hina mbichi mikononi, nikanyamaza, kwa sababu niliona aibu kwamba mwanao ana tatizo na sikuambiwa, na niliona aibu mbele ya wanawake.

Ndiyo maana nilikuuliza. Nilikupa mlango, Sagal! Nilikuambia sema ndiyo au hapana. Kama ungekuwa umedanganya, ungesema, "Dada, achana na hayo, mchanje mtoto." Ukaniandikia "simjui vizuri." Basi mimi nikasema moyoni: hajakanusha, kwa hiyo ni kweli, ila anaona uchungu kuitaja. Nikamwamini mtoto niliyembeba mgongoni kuliko wasichana wenye boksi la barafu. Ubah hajui. Anadhani mama yake ni mjinga tu, na nimeacha adhani hivyo.

Sasa sikiliza. Ubah amesema Sahal hatachanjwa. Ameona Ilwad alivyo, na bado anasema sindano ni mbaya zaidi, kwa sababu Mama Sindano aliapa. Sahal atatimiza miezi tisa mwishoni mwa Novemba, na wachanjaji watarudi. Nimemwambia, nimemsihi, ananijibu, "Mama, wewe ndiye uliyefunga mlango, leo unanifundisha nini?"

Mimi hanisikilizi tena. Wewe atakusikiliza. Tuma sauti. Useme ukweli wowote ulio nao, lakini uapie kile kile.

Hibaq

*

Minneapolis, 24 Septemba 2017

Dada yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Nimeanza barua hii nikaichana zaidi ya mara moja. Surua huku imetangazwa kwisha. Mtoto wa Fardosa alirudi nyumbani, bado ana kikohozi.

Nimempeleka Liban kliniki. Daktari ni binti wa kwetu, mdogo, wa ukoo wa bibi yetu, ananiita mama mdogo. Nilimuuliza waziwazi kama ni sindano. Akaacha kuandika, akaniambia: "Mama mdogo, wamechunguza watoto wengi mno, nchi nyingi, waliochanjwa na wasiochanjwa. Usonji, hali hii ya Liban, uko sawa pande zote mbili. Hata ile makala ya utafiti iliyoanzisha maneno haya, walioichapisha waliifuta wenyewe. Dalili huanza kuonekana karibu na umri ule ule wa sindano, ndiyo maana mama anaviunganisha. Si kosa lake." Kisha akaniuliza, "Wewe uliona lini?"

Dada, niliona kabla. Liban alikuwa bado anajifunza kusimama kwa kushika kiti. Nilimwita kwa jina, hakugeuka. Nikamwita "mama," kama tunavyowaita watoto wetu, hakugeuka. Kijiko kilipoanguka jikoni aligeuka upesi. Masikio yalikuwa mazima. Jina lake ndilo halikumgusa. Nilijua siku hiyo, nikajiambia ni uvivu wa wavulana. Sindano ilikuja miezi mingi baadaye.

Madaktari walipolitaja hilo neno usonji, nililitafuta katika lugha yetu sikulipata. Nilipata wazimu tu. Mama mkwe wangu akasema mbele ya wageni, "Kwetu watoto wa hivi hawapo, ulizeni kwa kina Warsame." Nilikuwa nimeshika sinia la chai. Tangu hapo nilikuwa naamka na aibu na kulala nayo, kwamba ni damu yangu, ni maziwa yangu. Ndipo kwenye kundi letu la simu mwanamke mmoja akasema ni sindano. Dada, nilihisi mtu kanifungulia dirisha. Kama ni sindano, basi si mimi. Nikazipanga siku upya kichwani, hii mbele, ile nyuma, hadi nikaziamini mwenyewe. Nikasema sauti ile kwa wanawake wa jengo letu tu, nikitaka waache kunitazama vile. Sikujua kama itavuka bahari. Ilipoanza kunirudia kutoka kwa watu nisiowajua, nikaacha kusema kwenye simu, nikakudanganya kwamba simu imeharibika.

Ulipoiuliza ile ndiyo au hapana, nilijua jibu. Ningekujibu hapana, ungeniuliza basi Liban ana nini. Nilichagua kumficha mwanangu, na gharama akailipa mjukuu wako. Sikuombi unisamehe katika barua hii. Ningeona aibu kukuomba.

Unawajua watu wetu. Mwenye chongo huitwa Chongo hata kwenye tangazo la msiba wake. Guled aliponiona nimekaa ndani ya gari na simu mkononi, alifungua mlango akauliza, "Utalitaja jina la mtoto?"

"Nitalitaja."

"Watampa jina la utani."

"Mimi mama yake wameshanipa."

Akaingia akakaa kiti cha pembeni, akafunga mlango. Mama yake mzazi atamlaumu, anajua.

Nimeisema yote, jina langu, jina la Liban, kijiko, na kwamba hakuna sindano iliyomfanya vile, yeye ndivyo alivyo. Nimeapa kwa kikombe. Nimeituma kwenye kundi lile lile ilikoanzia na wamenitoa kundini kabla chai haijapoa. Wewe nakutumia kwenye simu leo hii. Ila nakuomba kitu kimoja: ukiwasikilizisha, usiseme kwamba ni mimi dada yako. Unaishi nao. Acha aibu ibaki huku.

Sagal

*

Galkayo, 8 Desemba 2017

Mdogo wangu Sagal,

Amani iwe kwako, kwa Guled aliyeingia ndani ya gari, na kwa Liban. Mvua imenyesha kidogo, ya kulaza vumbi tu. Maziwa ya kopo bado.

Ombi lako sikulitimiza. Soma ujue ilivyokuwa.

Niliibeba sauti yako kwa Shukri siku ya harusi ya binti wa Aurala, wanawake wamejaa, mikono yote ina hina, hakuna wa kukimbia. Ubah alikuwepo na Sahal mgongoni. Nikaicheza. Walisikiliza hadi mwisho. Shukri akasema, "Huyu si yule. Yule alilia."

Aurala akadakia, "Amenunuliwa huyu! Wamemlipa aseme."

"Hata kiapo amefundishwa," mwingine akasema, wakacheka. Ubah naye alicheka.

Sagal, ningeweza kunyamaza. Uliniruhusu kwa mwandiko wako. Nilikuwa nimekaa kwenye mto wangu ule ule wa mwaka jana. Nikasimama, nikasema: "Sauti zote mbili ni za Sagal binti Warsame, tumbo moja na mimi. Nami nawaambia kwa kikombe cha mama."

Shukri akatoa kidole kwenye bakuli la hina.

Aurala akaniuliza, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ukakaa hapa, unakunywa chai yetu, unatuacha tufunge milango?"

"Nikakaa."

Aurala alimzika mjukuu kwa surua mwezi wa tano. Sikuwa nimekuandikia. Alininyooshea mkono uliojaa hina nikadhani atanipiga, na ningeupokea. Aliushusha akaondoka kwenye harusi ya bintiye mwenyewe, na hadi leo tukikutana anapita upande wa pili wa njia.

Ubah hakunisemesha siku nyingi. Nilikuwa nampikia, anakula akitazama ukuta. Kisha asubuhi moja akamfunga Sahal mgongoni, akachukua mwavuli, akaniambia, "Mshike Ilwad mkono, kuna pikipiki." Neno hilo tu. Tukaenda kituoni. Alipodungwa, Sahal alipiga ukelele, na nilinyoosha mikono kumpokea, lakini Ubah akageuka na mwanawe upande wa pili. Ana haki. Nyuma yetu walikuwa wameshapanga foleni watatu wa pale kwa Shukri, na Shukri mwenyewe na watoto wake pacha. Wengine hawakuja, na wanasema nimerogwa. Kazi haijaisha, utume nyingine, na safari hii ulie kidogo, hawa wanawake wanaamini machozi.

Nimepata jina la utani uzeeni: Dada wa Mama Sindano. Naitwa hivyo sokoni, na ninaitika. Muuza nyama aliniuliza juzi, "Dada wa Mama Sindano, yule Liban hajambo?" Sikujua niseme nini, nikasema hajambo, anapanga vifuniko. Akasema, "Kazi nzuri." Kumbe jina lake limefika hadi buchani, na bado hajapewa lingine.

Ilwad hajambo. Amejifunza kunishika taya nikiongea. Siku ile naicheza sauti yako aliweka kiganja juu ya simu, akahisi inatetemeka, akacheka peke yake katikati ya watu.

Asubuhi ninapokoroga unga wa mikate ya anjera bado namwita kwa jina, kwa mazoea, na nasubiri miguu yake. Nasubiri kidogo. Halafu nakumbuka, nanawa mikono, naenda kumgusa bega.

Dada yako,
Hibaq